Meza Mbili za Ikonio

Ikonio, mwezi wa Adari, theluji ikiwa bado mlimani

Kwa mdogo wangu Eleazari mwana wa Hananeli, huko Tarso.

Amani iwe kwako, mdogo wangu, na kwa wote wa nyumba unayokaa. Kabla ya mengine yote nataka kujua kifua chako. Kimepoa? Uliandika kwamba unakohoa mpaka mbavu zinauma, nami nikakutumia asali nyeusi ya huku, lakini sijui kama ilifika au yule mchukuzi aliilamba njiani, maana ana sura ya kulamba. Kama haikufika niambie. Na ulale na shuka la sufu, usione aibu mbele ya wanafunzi wako. Najua utasema wewe si mtoto. Kwangu mimi u mtoto, hata ndevu zikufike magotini.

Huku kwetu baridi haijaisha. Ammia hajambo, meno ya mbele yameanza kurudi, na anauliza kila siku kama mjomba atakuja na tende. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimesema mwili, na habari za afya yangu naomba ziishie hapo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana mistari inayumba kama walevi. Yuko karani sokoni, mwandiko wake mzuri, lakini yamo maneno humu ambayo sitaki yapite kwenye kinywa cha mtu mwingine. Herufi hizi za kwetu nilizijua nikiwa nimekupakata, baba akikufundisha wewe, kazi yangu mimi ikiwa kukufuta makamasi. Isome ukiwa peke yako. Kama umeifungua mbele za watu, ikunje sasa hivi. Nakusihi, Eleazari, ikunje.

Barua yako niliipata. Unasema njia ya mlimani ikifunguka tu utakuja, na mwaka huu utakula Pasaka ndani ya nyumba yangu, kwenye meza moja na mume wangu, kwa kuwa umesikia kwamba hatimaye amekubali kutahiriwa. Unasema tangu nilipoolewa hujapata furaha kama hiyo. Mdogo wangu, mimi sijui kuzunguka, unanijua. Manes amekufa. Amekufa kwa hilo hilo alilolikubali. Barua yako ya furaha ilinikuta nimekaa chini, nguo imechanwa, majirani wa matanga ndio kwanza wameondoka. Sasa nitakueleza jinsi ilivyokuwa, nawe uniache niseme mpaka mwisho, maana tangu waanze kukuita mwalimu hakuna mtu anayekusemesha mpaka mwisho.

Wewe Manes hukumjua. Ulikuja kwetu, ndiyo, lakini kila ulipokuja ulikaa kwenye kibaraza cha nje, ukafungua mfuko wako, ukala mkate wako na samaki wako mkavu uliotoka nao Tarso. Maji yangu tu ndiyo uliyakubali, tena kwa kikombe chako. Ulidhani Manes yuko kazini. Hakuwa kazini. Alikuwa jikoni, kwenye moshi, na bakuli lake magotini, ili shemeji yake asije akashindwa kula kwa kumwona Mfrigia, mtu wa Mataifa, akitafuna. Mwaka jana Ammia aliniuliza kwa nini mjomba anakula nje kama mgeni aliyefika bila kualikwa, na baba anakula jikoni kama mwizi, na nyumba tunayo. Nilimwambia anyamaze amalize dengu zake. Manes ndiye aliyemjibu. Alimwambia mjomba ana mzio wa wekundu, akamwonyesha mikono yake. Sijui kama uliwahi kuiona ile mikono. Mtia rangi wa sufu hatakati. Ilikuwa myekundu mpaka viwiko, na watu wakimtania kwamba ameua mtu, aliwajibu kwamba ameua, ila kondoo wenyewe wamepona na wanadai sufu yao.

Huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Nilipompata Masihi, yeye alimpata pia, siku ile ile, kwa mhubiri yule yule aliyepita hapa na kufukuzwa kwa mawe. Neno lililomshika Manes lilikuwa moja tu, kwamba Mungu humhesabia mtu haki kwa kumwamini, awe nani, awe na mwili wa namna gani. Alilirudia wiki nzima akichochea pipa la rangi. Alikuwa akiniuliza kama kweli ndivyo nilivyosikia na mimi, au masikio yake yamemdanganya kwa kutaka mno.

Na tulikula pamoja, Eleazari. Hilo nataka ulijue kwa sababu hukuwahi kuliona. Tulikula nyumbani kwa mjane Tatia, Wayahudi na watu wa Mataifa, mkate mmoja ukizunguka meza nzima. Bibi zetu wa sinagogi walikuja mwanzoni wamebana pua, wanainua mifuniko ya vyungu kukagua. Mmoja alimuuliza Manes kwa ukali kama kuna nguruwe humo ndani. Manes akamjibu kwa adabu kabisa kwamba nguruwe alialikwa, ila aliposikia kuna Wayahudi wengi akaogopa kuja. Yule bibi alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo alikuwa akimwekea Manes kitunguu chake. Tuliacha nyama tusije tukamkwaza mtu, tukala maharage na samaki na zeituni, na hakuna aliyelalamika. Sijawahi kuwa na raha kama ile, wala sitakuwa nayo tena.

Kisha akaja Zakai, ametoka Uyahudi, na barua ya utambulisho mkononi, na barua hiyo ni yako. Uliandika tumpokee kama tungekupokea wewe. Tulimpokea. Sisemi ni mtu mbaya. Anafunga, analia akiomba, anatoa viatu vyake akampa maskini. Alitwambia kwa upole kwamba imani ni mlango na Torati ndiyo nyumba, na kwamba wenzetu wa Mataifa wamefika mlangoni, Mungu asifiwe, ila bado hawajaingia. Manes alinyoosha mkono akauliza kama mlango uko wazi, mbona wanamweka barazani. Watu wakacheka. Zakai hakucheka. Sabato iliyofuata tulikuta kwa Tatia kuna meza mbili, na katikati pazia la mafunjo.

Nilikaribishwa kwenye meza ya ndani. Nilikataa, nikaenda kukaa na mume wangu nyuma ya pazia, na tangu siku hiyo wanawake wenzangu wakawa wanaosha kikombe nilichogusa. Papia, yule aliyekuwa akifanya kazi na Manes kwenye mapipa, mdomo wake haukai kimya, alisema afadhali sisi tumepewa meza ya watumwa kwa sababu watumwa ndio hujua chakula kilipo. Alisema kwa mzaha. Lakini mkewe alikuwa akilia. Ammia alipobeba sahani ya zeituni kutoka kwetu kuwapelekea bibi zake upande wa pili, alisimamishwa kwenye pazia na kurudishwa. Alirudi na sahani imejaa, akaiweka mezani. Na yule bibi wa kitunguu nilimwona kwa pembeni ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake.

Hapo Manes alikuwa bado mgumu. Sasa nikuambie kilichomlainisha. Ni barua yako ile ya mwanzo, ya wakati wa baridi, ile uliyosema unazeeka bila ndugu, na kwamba ungependa kula Pasaka nasi, lakini imeandikwa kwamba asiyetahiriwa asionje. Neno hilo ulilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Niliisoma nikiwa kwenye kinu, nikidhani niko peke yangu, nikalia. Baba amekufa, mama amekufa, nimebaki na wewe tu, na wewe unakula kwenye kibaraza changu. Nililia kama mtoto, Eleazari. Manes alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake myekundu. Alinimalizia kusaga.

Baada ya siku chache akaniambia atakwenda kwa Zakai. Nilimkatalia. Nilimwambia hapana, nikamwambia tena hapana, nikamkumbusha maneno yake mwenyewe aliyokuwa akiyaimba kwenye pipa. Akanijibu kwamba hajaacha kuyaamini. Alisema Mungu keshampokea, hilo halina shida, kwa hiyo hafanyi kwa ajili ya Mungu. Anafanya kwa ajili ya shemeji. Alisema ni kipande cha ngozi, na kwamba fundi viatu wa mtaani aliwahi kumng'oa jino kwa koleo la kazini na hakufa. Kisha akaniuliza swali akiwa anavaa. Aliniuliza Ibrahimu babu yetu, siku ile Mungu alipomwita na kumhesabia haki kwa kuamini, mwili wake ulikuwa kama wa Manes au kama wa Eleazari? Nilishikwa na kikohozi. Nilikohoa mpaka akaniletea maji.

Zakai alimtahiri asubuhi, wanaume wakaimba. Manes alirudi nyumbani kwa miguu yake, polepole, ameshika ukuta, akanikonyeza. Aliniambia sasa niwe na heshima, naongea na mwana wa Ibrahimu. Usiku kidonda kilimpwita, nikamkanda kwa divai na mafuta. Nilijua mwanamume mwenye ndevu haponi kama mtoto wa siku nane. Zakai alisema ni kawaida. Alisema maumivu hayo ni ya thamani mbele za Mungu.

Sabato wakaja kumchukua kwa shangwe. Walimkalisha meza ya ndani, kwenye mto, mahali pa heshima, karibu na Zakai. Mwili wake ulikuwa unachemka, nilimgusa mimi. Wakampa mkate, na Zakai akambusu mbele za watu, akasema karibu nyumbani. Watu walilia kwa furaha, na mimi nisikufiche, nilitamani kwa nukta moja tu kwamba ungekuwepo uone. Basi Manes akiwa na ule mkate mkononi alitazama upande wa pili, akamwona Papia kwa upenyo wa pazia. Akaunyoosha mkono kumpa kipande, jinsi tulivyozoea. Zakai akaushika mkono wake, taratibu kabisa, akaushusha. Hakumkemea. Aliushusha tu kama unavyomfundisha mtoto.

Ule mkate hakuula. Tulirudi nao nyumbani umo kiganjani, umelowa jasho. Njiani aliniambia, mke wangu, nimeingia, na nimewafungia wenzangu nje. Hilo ndilo neno alilokuwa akilirudia kwenye homa. Hakuwa analia kwa kidonda.

Kidonda kikaharibika. Sitakuandikia harufu. Nilijaribu asali, nikajaribu siki, nikamleta tabibu Mgiriki ambaye alifunua shuka, akalifunika, akauliza ni mjinga gani amefanya haya. Mama yake Manes, bibi Nana, alikuja na hirizi zake za kwao, na mimi niliyeacha mambo hayo tangu ujana nilimwachia azifunge. Zakai alikuja kuomba. Alisema kama Manes asingechelewa miaka yote ile, mwili wake usingekuwa mgumu kupokea agano. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikaufunga. Huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho kati yangu na yeye.

Sasa tumefika, mdogo wangu. Neno ninalotaka kuliandika mimi na wewe hatujawahi kulitamka, tangu uanze kusema mpaka leo. Mama aliniapisha kwa Jina, mkono wangu ukiwa juu ya kichwa chako cha kitoto, kwamba sitalisema, na nilikishika kiapo hicho kama Torati inavyotaka. Nilikishika hata pale Manes alipokuwa anavaa kwenda kwa Zakai. Nilikishika nikakohoa. Lakini asubuhi ile ya mwisho, jua limeingia mpaka kitandani, Manes akili zimemrudia, aliniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi! Alisema anaona hatafika Pasaka, na shemeji atakuja akute nyumba imepungua, na kwamba pengine Zakai alisema kweli, pengine wapo watu ambao miili yao Mungu haitaki, kama yake. Nikashindwa. Loo, nikashindwa, Eleazari. Kiapo kilinitoka.

Nilimwambia kwamba kabla yako mama alizaa wanaume wawili. Tulikuwa tukikaa kule kijijini milimani, Wayahudi wachache, wewe hupakumbuki. Wa kwanza alitahiriwa siku ya nane, damu haikusimama, akafa mikononi mwa baba. Wa pili vilevile. Nilikuwa mdogo lakini niliona vitambaa. Wewe ulipozaliwa, siku ya nane mama alikukumbatia akakataa kukutoa, akapiga kelele mpaka mzee Shefatia mwenyewe akaitwa. Mzee yule alikuwa na Torati kichwani kuliko Zakai na wewe mkiwekwa pamoja. Alikutazama, akasema mama aliyezika wawili kwa sababu ya kisu, wa tatu asiguswe. Alisema Mungu alitoa sheria ili watu waishi kwayo, hakuitoa awafukie. Akakubariki, akakupa jina, akasema mtoto huyu ni mwana wa Israeli kamili, asipungukiwe na kitu. Kisha tukahamia Tarso, ambako kila mtu alidhani alivyodhani. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuogesha. Nilikuogesha mpaka ulipojua aibu, ukanikataza. Mwili wako, Eleazari, ni kama wa Manes.

Sikukulaumu, na hilo pia nilimwambia. Nilimwambia jinsi ulivyokataa kwenda mtoni na wavulana wenzako, ukakaa ndani na vitabu. Jinsi ulivyokua ukasema hamamu, kule watu wanakooga uchi pamoja, ni machukizo ya Mataifa, na watu wakakusifu. Jinsi ulivyokataa kuoa, wakasema kijana huyu ameposa Torati. Nilikuona ukitoa zaka hata ya bizari, ukifunga siku ambazo hakuna anayefunga, ukiwahi sinagogi kabla ya mlinzi. Ulishika amri zote kwa ajili ya ile moja. Nilikuhurumia mno. Nilidhani mtu aliyeachiliwa na sheria yenyewe kwa huruma atakuwa wa mwisho duniani kumdai mwenzake, na hapo ndipo nilipokosea kabisa, maana ulikuwa wa kwanza. Pasaka ngapi umekula, Eleazari? Kila mwaka mkono wako umekwenda kwenye sahani, na umekula kwa haki, mzee Shefatia alikupa haki hiyo. Manes ulimnyima.

Unajua alifanya nini niliposema hayo? Alicheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya kwenye mapipa, mpaka kidonda kikatoa damu na mimi nikamziba mdomo. Alisema, "Kumbe shemeji ni Mfrigia mwenzangu!" Akasema tena, masikini, na mimi nakimbilia jikoni miaka yote hii, kumbe tulikuwa tunajificha wote wawili. Alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Kisha akanishika mkono akaniambia nisimwaibishe mtu. Alisema mwache, ana haya, na haya ya muda mrefu ni kidonda pia. Akasema nikuandikie uje ule, uingie ndani, ukae, usiogope, hakuna atakayekufunua. Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza hata moja. Kabla jua halijafika dirisha la pili alikuwa amekwisha.

Nilimwosha mwenyewe. Kucha zilikuwa bado nyekundu, nilisugua, nikaacha. Walimzika kwenye makaburi yetu, kwa heshima, Zakai akasema ametangulia ndugu mwenye haki, aliyekufa ndani ya agano. Bibi Nana hakuruhusiwa kuingia na mikate yake ya kuweka juu ya kaburi. Alibaki nje ya lango akipiga kelele kwamba mwanawe tulimpeleka tunacheka, tukamchinja kama kondoo, sasa tumemficha hata maiti. Watu walimpita wakitazama mbele. Nilikaa naye kwenye vumbi pale langoni, mimi na Ammia, mpaka walipomaliza kufukia. Kwa hiyo hata kuzikwa kwa mume wangu nilikusikia tu kwa sauti ya majembe.

Sasa nikuambie hali ilivyo, ndipo nifunge. Kifo kile hakikumzuia mtu. Zakai amekifanya mahubiri. Wanaume wa meza ya nje wameanza kujiandikisha kwake, maana wanasema Manes alithubutu, na sisi tubaki nyuma? Papia yumo. Baada ya Pasaka atatahiriwa, na ana watoto wanaotambaa. Alikuja hapa mchana, bila mzaha wowote, akasimama pale kibarazani unapokaa wewe siku zote, akaniuliza, dada, nifanye au nisifanye? Nilimwambia asifanye. Akaniuliza ni kwa neno la nani, kwa sababu neno la mwanamke mjane aliyefiwa si hoja mbele ya Zakai. Kweli si hoja. Wazee waliojua wote wamekufa. Ushahidi umebaki mmoja, nao unautembeza wewe chini ya kanzu yako. Ukisimama kwa Tatia ukasema kwamba Torati yenyewe ilikuachilia, na kwamba umeishi na Mungu miaka yote hii ukiwa hivyo ulivyo, lile pazia litaanguka siku hiyo hiyo. Papia ataishi. Najua unajua. Najua pia kwamba hutasema. Nakujua, nilikulea. Utaisoma barua hii, utaichoma, utafunga siku tatu, na utapata mstari wa kujibu.

Na mimi sitakusema. Nilivunja kiapo cha mama mara moja, kwa aliyekuwa anakufa, na yeye amenifunga kwa kingine. Naona Papia anavyopita na ndoo zake, naona watoto wake, na mdomo wangu umeshonwa na watu wawili niliowapenda, wote wako kaburini. Siombi tena, Eleazari. Nikifunga macho yangu kuomba nasikia majembe. Nilikuwa na Torati tangu tumboni, kisha nikapewa imani juu yake, nikajiona tajiri. Mzee Shefatia alikuwa na huruma kwa ile ya kwanza, mhubiri wetu alikuwa na huruma kwa hii ya pili, na katikati yake mume wangu amekufa kwa ajili ya kukaa meza moja na mtu aliyefanana naye. Sina ninachokielewa tena. Sabato naikaa nyumbani. Meza ya ndani siiwezi, na ya nje nikiitazama naona waliopangwa kungojea kisu.

Nisalimie mke wa mwenye nyumba yako, na yule fundi mahema mzee kama bado anaona. Ammia anakuamkia, shikamoo mjomba, na anasema usisahau tende. Hajui. Anadhani baba yake aliuawa na homa tu, kama watu wengine.

Manes alisema nikuambie uje ule. Nimekuambia. Njia ikifunguka, njoo. Mlango hautafungwa, mkate usiotiwa chachu nitauoka mwenyewe, mboga chungu zitakuwepo, na mto wa Manes nitautandika mahali pake mezani. Ingia ndani safari hii, ukae, ule mpaka ushibe, hakuna atakayekufunua.

Mimi nitakula jikoni.

Ni mimi dada yako aliyekulea,
Tirza, mjane wa Manes